Nano silva, vidonge, kusukutua au kukwanguliwa: fizi zinazotoa damu uanze na kipi?

Dada yangu kanitumia wasap picha ya tyubu ya dawa ya meno, imeandikwa nano silva (yaani silva iliyosagwa chembe ndogo sana) kwa maandishi ya bluu yanayong'aa, chini yake muuzaji kaongezea kwamba inamaliza bakteria wote wa mdomoni na inarudisha fizi zilizoliwa ndani ya wiki mbili. Bei yake mara nne ya dawa ya meno tunayonunua dukani. Akauliza, "Mdogo wangu, wewe si mtu wa maabara, hii kitu ni kweli au nitakuwa natupa hela?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikafika dakika sita nikaona huu sasa ni mhadhara, bora niandike, maana najua sio yeye peke yake anayepiga mswaki asubuhi afu anatema povu la pinki.

Niseme mapema, mi sio daktari wa meno. Nafanya kazi maabara, na mi mwenyewe ni mgonjwa wa fizi, kwahiyo karibu njia zote ninazozilinganisha hapa nimezipitia isipokuwa dawa ya kupandikiza ndani ya ufizi na nano yenyewe, na hiyo nano nimeisoma usiku mwingi mpaka mke wangu akauliza kama nataka kubadilisha kazi.

Kabla hujalinganisha dawa ujue kwanza unaumwa kipi, maana fizi kutoa damu kuna hatua mbili na ukizichanganya utanunua kitu kisicho chako.

Hatua ya kwanza fizi zimevimba, nyekundu, ukigusa damu, ila mfupa wa chini uko salama. Hii inaponyeka vizuri tu. Mwaka 1965 kule Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kabisa kusafisha meno, na ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zikawa zimewaka, halafu wakaruhusiwa kupiga mswaki tena na zikapoa. Hawakupewa kidonge wala tyubu ya maajabu, ni mswaki tu. Kama wewe uko hatua hii basi unaweza kuacha kusoma hapa, nenda kasafishwe meno mara moja, nunua brashi laini, jifunze kupita pale jino linapokutana na ufizi, na uzi wa meno au vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno.

Hatua ya pili ndo yenye kesi. Bakteria wameshashuka chini ya ufizi, mwili unapigana nao, na kwenye huo ugomvi kinacholiwa ni mfupa unaoshika jino. Jino linaanza kuonekana refu, linacheza, mdomo unanuka hata ukitoka kupiga mswaki sasa hivi. Mfupa ukishaondoka haurudi kwa kupaka kitu, kuna upasuaji wa kujaribu kuurudisha sehemu chache chache lakini hiyo ni habari nyingine na bei nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya bilioni moja wana hii hali katika kiwango kikali, yaani karibu asilimia 19 ya watu wazima duniani, kwahiyo usione aibu, tuko wengi.

Unajuaje uko hatua ipi? Kioo hakikuambii. Mimi niliambiwa na kijiti. Daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye mistari ya milimita, akawa anakizamisha taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino, anasoma namba na nesi anaandika. Mbili, tatu, mbili. Tatu, mbili, tatu. Mi nimelala nimetoa macho kwenye taa naona kama wanahesabu magunia. Tulipofika magego ya juu kulia akasema "nne, nne, sita" na nikageuza macho kumwangalia kijiti kikiwa bado kimo. Ufizi mzima unasoma milimita 1 hadi 3, ukiona 4 kwenda juu na kijiti kikitoka na damu ujue pale pana mfuko, kama mfuko wa shati hivi, na ndani yake ndo maisha ya wale wadudu yanaendelea.

Huo mfuko ndo mizani yangu. Dawa yoyote ukitaka kuipima usiulize inaua bakteria au haiui, karibu kila kitu kinaua bakteria hata siki, uliza inafanya nini kule chini kwenye milimita ya sita. Na kule chini kuna mambo matatu yanayoharibu mipango ya watu. Bakteria hawajakaa kama mchanga, wamejijenga kwenye utando wanaoutengeneza wenyewe, na wakiwa ndani ya utando wanaweza kuhimili dawa hata mara 1000 kuliko wakiwa wanaelea peke yao. Pili kuna ugaga, ule ukoga laini ulioachwa ukanyonya madini ya mate na majimaji ya ufizi ukawa jiwe, unakwaruza na una vijishimo vya kujificha. Tatu, na hili watu wengi hawalijui, ufizi ulioumwa unachuruzika maji kutoka ndani kwenda nje muda wote, na kwenye mfuko wa milimita 5 yale majimaji yanabadilika karibu mara 40 kwa saa. Yaani unaweka dawa, na dakika mbili baadaye mwili umeshaanza kuisukuma nje.

Sasa tuweke vitu mezani.

Kukwanguliwa

Kuna anayeita skeling, kuna anayeita kusafisha meno, ila kwa mwenye mifuko inakwenda chini zaidi, wanasafisha mpaka kwenye mzizi na kwa kawaida wanakuchoma ganzi. Kile chuma cha umeme kinatetemeka mara elfu 25 na zaidi kwa sekunde huku kinatema maji, kuna kelele fulani hivi ya mbu aliyekasirika. Vipande vinavyotoka juu ya ufizi ni vya njano njano, vile vya chini ni vyeusi, vigumu, vinabaki kwenye sahani ya chuma kama mchanga wa kokoto. Nilipoviona nikaelewa kwanini maji ya chumvi hayakunisaidia miaka miwili.

Faida yake ni kwamba inaondoa nyumba yenyewe, utando na ugaga vyote, na hakuna dawa ya kimiminika inayoyeyusha ugaga ndani ya mfuko. Kwa namba, mifuko ya milimita 4 hadi 6 kwa wastani inapungua karibu milimita 1.3, na ile ya 7 kwenda juu inapungua milimita 2 na kidogo. Kumbuka hizi namba maana vingine vyote tutavipima nazo.

Ubaya wake upo. Kwenye mifuko mirefu na pale mizizi ya gego inapogawanyika chuma hakifiki vizuri, daktari anafanya kwa kuhisi kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kochi. Meno yanakuwa na ganzi ganzi kwa maji baridi wiki kadhaa. Na ile kauli ya mtaani kwamba kusafisha meno kunalegeza meno, mi naijua inapotokea, unakuta meno ya mbele ya chini yalikuwa yamegandishwa na ugaga kama tofali na saruji, ukitolewa ndo mtu anaona yanacheza na mianya imetokea, anamlaumu daktari kumbe mfupa uliondoka zamani na uvimbe wa ufizi ulikuwa unaficha. Shangazi yetu mmoja mpaka leo hataki kusikia.

Kusukutua

Mfalme hapa ni klorheksidini, ya asilimia 0.2 au 0.12. Ni dawa nzuri kweli, inang'ang'ania kwenye meno na ngozi ya mdomo inaendelea kufanya kazi masaa mengi baada ya kutema, kwa kuzuia ukoga mpya sijaona ya kuifikia. Ila inaishia mlangoni. Ukisukutua haishuki kwenye mfuko wa milimita sita, na hata ikiingia kidogo kumbuka ule mchuruziko. Kwahiyo kazi yake ni wiki mbili tatu baada ya kukwanguliwa wakati ufizi una kidonda na huwezi kupiga mswaki sawasawa. Ukiigeuza kuwa maisha utavuna meno ya kahawia, hasa sisi wa chai ya rangi mara tatu kwa siku, na ladha ya chakula inapotea, mi wiki ya pili nilikula samaki wa nazi nikaona kama nakula boksi. Na usisukutue nayo papo hapo baada ya kupiga mswaki, ile sabuni inayotoa povu kwenye dawa ya meno inaipunguza nguvu, subiri kama nusu saa.

Maji ya chumvi yanatuliza, hayadhuru, na hayatibu mfuko. Mswaki wa mti, ule wa kutafuna, ni chombo cha kusafishia kizuri ukijua kuutumia, lakini nao ni wa juu ya ufizi.

Vidonge

Hii ndo njia yetu Watanzania, unaenda duka la dawa unasema nina fizi unapewa Flagyl na amoksilini, wengine wanapewa tu vile vya rangi mbili bila hata kuulizwa. Kinachowadanganya watu ni kwamba siku ya tatu unajisikia nafuu kweli, uvimbe unashuka, damu inapungua. Halafu mwezi wa pili uko palepale, kwasababu dawa inapita kwenye damu inafika kwenye ufizi ila ule utando na jiwe vimebaki. Flagyl na amoksilini vikichanganywa vina nafasi yake, daktari anaweza kuviandika kwa mgonjwa mwenye ugonjwa unaokimbia sana, hasa kijana, ila vinaenda pamoja na kukwanguliwa, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unasema wazi visitolewe kwa kila mgonjwa kama mazoea, sababu kubwa ikiwa usugu wa dawa. Flagyl na pombe pia havikai nyumba moja, hilo wengine wamejifunza kwa kutapika.

Dawa ya kupandikiza ndani ya mfuko

Hapa ndo tunaanza kukaribia wazo la nano. Wataalamu walijiuliza, kama kusukutua hakufiki na kidonge kinazunguka mwili mzima kwa kazi ya milimita sita, kwanini tusiweke dawa palepale ndani ikae? Kuna PerioChip, kijikaratasi kidogo chenye miligramu 2.5 za klorheksidini, daktari anakisukumia ndani ya mfuko, kinayeyuka chenyewe siku 7 hadi 10. Kuna Arestin, unga wa minosaiklini miligramu 1 ndani ya vijipunje vya plastiki inayooza, Marekani waliuruhusu 2001. Zinafanya kazi. Lakini ukiongeza juu ya kukwanguliwa, kinachoongezeka kwa wastani ni sehemu tu ya milimita. Sio bure, ila linganisha na ile 1.3 uliyopata kwa chuma na maji. Daktari wangu aliniambia hana na hata angekuwa nayo angeniwekea kwenye ile mifuko miwili tu iliyokataa kushuka, sio mdomo mzima.

Sasa nano yenyewe

Chembe ya nano ni kitu cha kati ya nanomita 1 na 100. Bakteria mmoja wa ufizi ni kama nanomita 1000, unywele wa kichwa chako ni kama 80,000. Vile vijipunje vya Arestin nilivyotaja hapo juu vina nanomita elfu 20 hadi 60, kwahiyo hivyo sio nano, hivyo ni mawe ukilinganisha.

Udogo unasaidia nini? Chukua mchemraba wa sentimita moja, kama kete ya ludo hivi, eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe vimchemraba vya nanomita moja moja, jumla ya eneo inakuwa mita za mraba 6000, karibu uwanja wa mpira. Madini yaleyale, uzito uleule, ila sasa sehemu ya kugusana na bakteria imekuwa uwanja wa Mkapa. Ndo maana silva, ambayo kama pete kidoleni haikufanyi chochote, ikisagwa hivyo inaachia ayoni nyingi, yaani vichembe vyenye chaji, zinang'ang'ania kwenye protini zenye salfa, zinatoboa ngozi ya bakteria na kuvuruga vimeng'enya vyake. Zinki oksaidi inafanya kitu kinachofanana. Kitosani, inayotengenezwa kutoka kwenye maganda ya kamba na kaa, ina chaji chanya na bakteria wana chaji hasi kwahiyo inawafuata yenyewe.

Hapo muuzaji wa dada angeishia. Mi naendelea, kwasababu neno nano limebeba familia mbili tofauti kabisa na ukizichanganya ndo unapigwa.

Familia ya kwanza ni chembe ambayo yenyewe ndo silaha, silva, zinki, shaba. Hizi kwenye maabara zinaua vizuri sana, pamoja na Porphyromonas gingivalis ambaye ndo mtuhumiwa mkubwa wa ugonjwa huu. Ila ngoja nikwambie maabara ikoje, maana hii ni kazi yangu ya kila siku. Unatandaza bakteria kwenye sahani ya jeli, unaweka kidude cha karatasi chenye dawa katikati, unafunika, kesho unakuta duara safi limezunguka kile kikaratasi, unachukua rula unapima. Duara linapendeza, unapiga picha. Lakini kwenye ile sahani hakuna mate, hakuna damu, hakuna ugaga, hakuna mchuruziko wa mara 40 kwa saa. Silva ikikutana na mate inakuta kloraidi inaganda nayo, inakuta protini kibao zenye salfa ambazo sio za bakteria, inazishika hizo kwanza. Na tatizo la pili, seli zako za ufizi nazo zina protini zenye salfa, dozi ikiwa ndogo bakteria wa utando wanacheka, ikiwa kubwa unaanza kuumiza zile seli ambazo ndo zilitakiwa zifunge mfuko.

Familia ya pili chembe ni gari la mizigo. Unachukua dawa inayojulikana, tuseme doksisaiklini au klorheksidini, unaifungia ndani ya kijipunje cha nano cha plastiki inayooza au cha mafuta, unakichanganya kwenye jeli, daktari anaidunga kwenye mfuko. Kijipunje kikipenya ndani ya utando kinaachia mzigo kidogo kidogo kwa siku nyingi. Hii mi naipa moyo zaidi, kwasababu inajibu yale matatu, utando, kufika chini, na kukaa. Na sio uchawi, dawa ya saratani ya Doxil ni ya namna hii na imekuwa sokoni Marekani tangu 1995, na zile chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilisafirishwa ndani ya chembe za mafuta za nano. Kwahiyo gari lipo na linatembea, ila kwenye mfuko wa fizi bado linajaribiwa, kwanza kwa panya, wanamfunga uzi kuzunguka gego mpaka ufizi unaoza halafu wanamtibu, halafu kwa watu wachache wachache, wanafuatiliwa miezi kadhaa.

Kuna hata wengine wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ambao 2022 walionyesha chembe za chuma oksaidi zinazoongozwa kwa sumaku, zinajipanga kuwa kama nywele za mswaki au uzi, zinasugua katikati ya meno huku zinachochea kemikali ya kuua bakteria. Nilionyesha watoto ile video, wakataka. Nikawaambia kwa sasa shika brashi.

Na kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni kwamba kwenye nyingi ya hizo tafiti za watu, wagonjwa wa pande zote mbili wanakwanguliwa kwanza, nano inakuja juu yake kama nyongeza. Swali la watafiti linakuwa, nano ikiongezwa kuna cha ziada? Hawaulizi nano badala ya chuma. Sasa tyubu ya dada inadai kufanya peke yake, kwa brashi, juu ya ufizi, kile ambacho wenye kuidunga chini kwa sindano bado wanakipima.

Usalama, hapa simung'unyi

Silva ya kunywa au kutumia kiholela miaka mingi inaweza kukugeuza ngozi rangi ya bluu kijivu, ugonjwa unaitwa ajiria, na hautoki. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishasema 1999 kwamba hizo dawa za silva za maji zinazouzwa bila cheti hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na faida. Umoja wa Ulaya 2024 walipitisha kanuni ya kuzuia silva ya nano ya namna hiyo kwenye vipodozi, na kwa hesabu zao dawa ya meno na ya kusukutua ni kipodozi. Kanuni hiyohiyo imeruhusu hidroksiapataiti ya nano, madini ya aina ile inayojenga jino, mpaka asilimia 10 kwenye dawa ya meno na 0.465 kwenye ya kusukutua. Umeona? Zote nano, moja nje moja ndani. Ila hiyo iliyoruhusiwa kazi yake ni kwenye jino lenyewe, ganzi na kuziba vijishimo, haiui bakteria wa mfuko, kwahiyo ukikuta tyubu ya nano yenye hiyo ni sawa kununua kama meno yanauma na baridi, sio kwa ajili ya fizi.

Kuna atakayesema mbona watoto wanapakwa silva kwenye meno yaliyooza hospitali. Ni kweli, ile ni silva daiamini floraidi, na tangu 2021 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini inapakwa tone kwenye tundu la jino, na mtaalamu, mara chache kwa mwaka, na inaacha doa jeusi. Ni kazi nyingine na ugonjwa mwingine.

Kwa hapa Tanzania kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji digrii. Dawa ya meno ya kawaida iko chini ya TBS, shirika la viwango, pamoja na vipodozi, na kitu kinachodai kutibu ugonjwa kiko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa, na kinatakiwa kisajiliwe. Sasa mwambie muuzaji akutumie picha ya namba ya usajili. Dada alimwomba. Akatumiwa picha ya mwanamke mwenye meno meupe.

Ukiviweka ubavu kwa ubavu

Kwa kufika chini, kukwanguliwa na dawa za kupandikiza zinafika, vidonge vinafika kwa mlango wa nyuma, kusukutua na tyubu ya nano vinabaki barazani. Kwa kuondoa ugaga ni kukwanguliwa peke yake, hapo hakuna mpinzani kabisa. Kwa kukaa muda mrefu pale pale, kijikaratasi na vijipunje vinashinda, na jeli za nano ndo zinagombea hiyo nafasi kwa siku zijazo. Kwa usugu wa dawa vidonge ndo vibaya zaidi, na hapa nano ya madini ina hoja ya maana kwasababu inampiga bakteria sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ingawa usugu dhidi ya silva nao upo, usidhani bakteria hawajawahi kuuona. Kwa hela, kukwanguliwa kunaonekana ghali siku ya kwanza, ila jumlisha dozi za duka la dawa za mwaka mzima uone, na kama una bima uliza kabla hujatoa mfukoni, mi sehemu yangu moja ililipwa nyingine nikalipa.

Na ukichagua kwa hali yako: kama fizi zinatoa damu tu, mifuko hamna, ni kusafishwa na brashi. Kama una mifuko ya 4 na 5, kukwanguliwa kwa ganzi, klorheksidini wiki mbili, kurudi kupimwa miezi mitatu, na kuacha sigara kama unavuta, maana sigara inaficha damu unadhani umepona. Kama kuna mifuko miwili mitatu imegoma baada ya hapo, ndo umuulize daktari kuhusu dawa za kupandikiza au upasuaji mdogo. Kama uko karibu na chuo cha udaktari wa meno na wanatafuta watu wa utafiti wa jeli ya nano, wenye kibali cha kamati ya maadili na fomu ya kusaini, mi ningekubali, kwasababu kwa kawaida pale utakwanguliwa pia na kufuatiliwa. Ukiikuta hiyohiyo kwa muuzaji wa wasap, hapana.

Dada ana kitu kimoja zaidi, ana sukari. Sukari na fizi zinalishana, sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka, na fizi zikiwaka sukari inakuwa ngumu kushuka. Fizi zikitibiwa vizuri kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa wastani kinashuka karibu asilimia 0.4, ambayo kwa mtu anayehangaika na vidonge sio ndogo. Kwahiyo kwake miezi miwili ya kujaribu tyubu ni miezi miwili mfupa unaondoka na sukari inapanda, hicho ndo kilinifanya niandike yote haya badala ya kusema tu "achana nayo."

Nikamtumia. Akasoma, alama za bluu zikatokea, kimya kama nusu saa. Halafu voisi fupi: "Sawa mdogo wangu, nimepata nafasi kliniki Jumanne saa tatu. Ila tyubu nilishalipia, imefika asubuhi. Niifanyie nini?"

Nikamwambia ana ile pete ya silva ya marehemu bibi, imekuwa nyeusi, aisugulie.

Jumapili kanitumia picha. Pete inang'aa kweli.